Sonny Liston

Charles L. "Sonny" Liston (alizaliwa takriban mwaka 1930, alifariki takriban 30 Desemba 1970) alikuwa bondia wa Marekani wa uzito wa juu. Alikuwa bingwa wa dunia kuanzia tarehe 25 Septemba 1962 hadi 25 Februari 1964, alipopoteza mkanda wake kwa Cassius Clay, kijana wa miaka 22 ambaye siku chache baadaye alianza kujulikana kama Muhammad Ali. Katika mapambano 54 ya ngumi za kulipwa Liston alishinda 50, kati ya hayo 39 kwa KO, na kushindwa manne.

Ingawa alishinda mapambano mengi kiasi hicho, jina lake hutajwa zaidi kwa mapambano mawili aliyoshindwa na Ali. Tangu wakati huo wapenzi wa masumbwi wamekuwa wakibishana: je, Ali alimshinda bingwa aliyekuwa bado na nguvu zake zote, au alimkuta mtu ambaye siku zake zilikuwa zimekwisha? Jibu lina uzito kwa pande zote mbili. Likiwa la kwanza, ushindi wa Ali ni mkubwa kuliko karibu wote aliopata. Likiwa la pili, Liston anastahili kuhesabiwa miongoni mwa mabondia wakali kabisa wa karne ya 20, na si mtu aliyekata tamaa akiwa amekaa kwenye kiti cha kona yake.

Kuzaliwa na utoto

Liston alizaliwa karibu na mji wa Forrest City katika jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Baba yake, Tobe Liston, alilima pamba kwenye shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye shamba, utaratibu uliowaacha wakulima wengi weusi katika madeni yasiyokwisha. Tobe alioa mara mbili na alikuwa na watoto wapatao 25. Sonny alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa wa mke wa pili, Helen. Baba alimtumikisha shambani tangu akiwa mdogo na kumpiga mara kwa mara, kiasi kwamba makovu ya fimbo yalionekana mgongoni mwake hata alipokuwa bingwa wa dunia. Shuleni hakukaa, na hakuwahi kujua kusoma na kuandika zaidi ya jina lake.

Hakuna cheti cha kuzaliwa kilichowahi kupatikana. Yeye mwenyewe alitumia tarehe 8 Mei 1932, na mwaka huo ndio uliochongwa kwenye kaburi lake. Mama yake alitaja tarehe nyingine. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1940 aliandikwa kuwa na miaka 10, jambo linaloonyesha kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1930, na watafiti wengi wa maisha yake huchukua makadirio hayo. Waandishi wa habari za michezo waliomtazama usoni walikisia zaidi, na wengine walisema mwaka 1964 alikuwa amekaribia 40. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki hali hii si ngeni. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya vyeti kuenea hukadiria umri wao kwa mwaka wa njaa au wa vita, na tarehe iliyomo kwenye kitambulisho ni ile aliyoikubali karani.

St. Louis na gerezani

Mama yake alipohamia mji wa St. Louis kutafuta kazi, Sonny alimfuata karibu na mwaka 1946, baada ya kuokota karanga za mti wa pekani na kuziuza ili apate nauli. Mjini hakuwa na elimu wala ufundi, akaingia katika kundi la wezi wa kutumia nguvu. Alikamatwa Januari 1950 na kufungwa katika gereza la jimbo la Missouri, katika mji wa Jefferson City. Huko padre aliyesimamia michezo ya wafungwa aliona ukubwa wa mikono yake na kumtia ulingoni. Baada ya muda mfupi hapakuwa na mfungwa aliyeweza kusimama naye. Aliachiliwa kwa masharti mwezi Oktoba 1952.

Mwezi Machi 1953, akiwa bado bondia wa ridhaa, alimshinda Ed Sanders, aliyekuwa ametwaa medali ya dhahabu ya uzito wa juu katika Olimpiki ya Helsinki mwaka uliotangulia. Tarehe 2 Septemba 1953 alianza ngumi za kulipwa, na mpinzani wake wa kwanza hakumaliza raundi ya kwanza.

Bondia asiyepata mpinzani

Liston hakuwa mrefu kupita kiasi. Alikuwa na urefu wa sentimita 185 hivi, lakini mikono yake iliponyooshwa ilifikia sentimita 213, zaidi ya ile ya wapinzani wake karibu wote. Ngumi zake zilikuwa nene hata glovu za kawaida zikambana. Silaha yake kuu ilikuwa konde la kunyoosha la mkono wa kushoto. Kwa mabondia wengi konde hilo ni la kupimia umbali tu. La Liston lilivunja pua na kuangusha watu, kisha likafuatwa na ngumi ya kuzungusha ya mkono uleule.

Mwaka 1954 alishindwa kwa mara ya kwanza, na Marty Marshall, katika pambano ambalo taya lake lilivunjika akaendelea kupigana hadi mwisho. Alirudiana na Marshall mara mbili na kumshinda zote. Baada ya hapo hakushindwa tena na mtu yeyote hadi alipokutana na Clay karibu miaka 10 baadaye.

Mwaka 1956 aligombana na askari polisi wa St. Louis na kumjeruhi, akarudi kifungoni kwa miezi kadhaa, na mwaka 1957 hakupigana kabisa. Wakati huohuo mkataba wake ulikuwa mikononi mwa watu wa magenge ya uhalifu. Frankie Carbo na Blinky Palermo, waliokuwa wakiendesha sehemu kubwa ya biashara ya masumbwi kwa siri, walikuwa na hisa katika mapato yake. Mwezi Desemba 1960 aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Senati iliyokuwa ikichunguza uhalifu katika mchezo huo.

Hata hivyo miaka ya 1958 hadi 1960 ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote katika maisha yake ya ulingoni. Alipigana mara nyingi, na alipigana na watu ambao mabondia wengine wa uzito wa juu waliwakwepa. Cleveland Williams, aliyepiga kwa nguvu kama yeye, alimaliza kazi naye kwa raundi tatu mwaka 1959 na kwa mbili mwaka 1960. Nino Valdes alidumu raundi tatu, Zora Folley tatu, Roy Harris moja tu. Mwezi Septemba 1960 Eddie Machen alimkwepa kwa raundi 12 na kushindwa kwa pointi. Kufikia hapo hapakuwa na sababu ya kimichezo ya kumnyima Liston nafasi ya kugombea ubingwa.

Sababu zilikuwa nyingine. Bingwa wa wakati huo, Floyd Patterson, alikuwa kipenzi cha viongozi wa harakati za haki za watu weusi, na wengi wao walihofia kwamba mfungwa wa zamani mwenye uhusiano na magenge angewaaibisha. Hata Rais John F. Kennedy alimshauri Patterson asipigane naye. Meneja wa Patterson naye hakuwa na haraka. Liston akabaki akingoja.

Bingwa wa dunia

Pambano lilifanyika mjini Chicago tarehe 25 Septemba 1962, Patterson akaanguka baada ya dakika 2 na sekunde 6 za raundi ya kwanza. Liston aliporudi Philadelphia, mji alioishi wakati huo, alitarajia mapokezi ya bingwa. Uwanja wa ndege ulikuwa na waandishi wachache tu. Walioshuhudia walisema uso wake ulibadilika pale mlangoni mwa ndege, na huenda hakuna tukio lililomuumiza zaidi katika maisha yake ya utu uzima.

Marudiano yalifanyika Las Vegas tarehe 22 Julai 1963. Patterson alidumu sekunde nne zaidi ya mara ya kwanza.

Pambano la Miami Beach, 1964

Pambano la Liston na Clay lilipigwa Miami Beach, Florida, tarehe 25 Februari 1964, miezi miwili kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Wacheza kamari walimpa Liston nafasi ya saba kwa moja au zaidi. Kati ya waandishi 46 wa michezo waliohojiwa, 43 walisema atashinda.

Clay alizunguka ulingo kwa kasi ambayo Liston hakuwahi kuikuta. Konde la kushoto lililokuwa likiwafikia wote lilipiga hewa. Katika raundi ya tatu Clay alimchana chini ya jicho la kushoto, jeraha la kwanza la namna hiyo kwa Liston. Mwisho wa raundi ya nne Clay alirudi kwenye kona akilia kwamba macho yanamuwasha na haoni. Inaaminika dawa iliyopakwa Liston ilihamia kwenye glovu, ingawa kama ilikuwa kwa makusudi au kwa bahati mbaya hakujathibitika. Kocha Angelo Dundee alimsukuma ulingoni akiwa na macho mekundu, na kwa raundi nzima Liston alikuwa na mpinzani asiyeona vizuri mbele yake. Hakuweza kummaliza. Katika raundi ya sita Clay alikuwa ameona tena na alimpiga apendavyo. Kengele ya raundi ya saba ilipolia, Liston hakuinuka kwenye kiti chake. Hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyepoteza mkanda kwa namna hiyo tangu Jess Willard mwaka 1919.

Watu wa kona yake walisema bega la kushoto limeumia. Madaktari waliomchunguza usiku huohuo walithibitisha kwamba kano ya mkono wa juu ilikuwa imechanika. Mamlaka za Florida zilizuia malipo yake kwa muda, zikachunguza, na hazikupata ushahidi wa pambano kupangwa. Jambo moja husahaulika mara nyingi: hadi Liston anaacha, kadi za majaji zilikuwa sawa. Mmoja alimpa Clay, mwingine Liston, na refa aliwapa sare.

Lewiston, 1965

Marudiano yalipangwa kufanyika Boston mwezi Novemba 1964, na kwa mujibu wa wengi waliomwona mazoezini, Liston alijiandaa kwa bidii kuliko wakati wowote. Siku tatu kabla ya pambano Ali alipata ngiri na kufanyiwa upasuaji wa dharura. Pambano likaahirishwa kwa nusu mwaka, kisha Boston ikalikataa, likahamishiwa mji mdogo wa Lewiston katika jimbo la Maine. Watazamaji 2,434 tu ndio waliohudhuria tarehe 25 Mei 1965.

Katika raundi ya kwanza Ali alirusha konde fupi la mkono wa kulia ambalo wengi ukumbini hawakuliona. Liston akaanguka. Ali akasimama juu yake akipiga kelele badala ya kwenda kona ya mbali, refa Jersey Joe Walcott akachanganyikiwa na hakuhesabu ipasavyo. Liston aliinuka, wakaanza kupigana tena, kisha Walcott akaambiwa kutoka nje ya ulingo kwamba muda wa kuhesabu ulikuwa umekwisha, akasimamisha pambano. Filamu inaonyesha kwamba konde lilimgusa. Kama lilikuwa na nguvu ya kumlaza chini kwa muda ule ni suala ambalo halijapata jibu, na madai kwamba Liston alilala kwa kupenda, kwa hofu au kwa fedha za magenge, hayajawahi kuthibitishwa.

Je, alikuwa amekwisha?

Hoja inayotolewa kwanza ni umri, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Tukishika sensa ya 1940, Liston alikuwa na miaka 34 hivi alipokwenda Miami Beach. Miaka hiyo ni mingi kwa bondia, lakini haitoshi kueleza kushindwa. Walcott, refa wa Lewiston, alitwaa ubingwa wa uzito wa juu mwaka 1951 akiwa na miaka 37. Ali mwenyewe aliurudisha Kinshasa, Zaire, mwaka 1974 akiwa na miaka 32, mbele ya George Foreman aliyekuwa na 25, na Foreman huyohuyo aliutwaa tena mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Anayetaka kumfanya Liston mzee wa miaka 40 anajenga juu ya kisio la sura yake tu.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya ulingoni. Baada ya kumaliza raundi 12 na Machen mwezi Septemba 1960, Liston alipigana mara nne tu hadi siku ya Clay: Howard King alidumu raundi tatu, Albert Westphal hakumaliza moja, na Patterson hakumaliza moja mara mbili. Yote hayo ni raundi sita katika karibu miaka mitatu na nusu. Mapambano matatu ya mwisho, yakijumlishwa pamoja, hayafiki dakika nane. Mtu aliyezoea kupigana kila baada ya miezi michache aliingia kwenye pambano gumu kuliko yote bila kujua pumzi yake ya raundi ya tano ikoje. Taarifa nyingi za wakati ule zinaeleza pia kwamba alifanya mazoezi mepesi, akiamini kijana yule hatafika mbali. Ongeza bega lililoumia, nalo lilikuwa la mkono uliobeba mchezo wake wote.

Upande wa pili una hoja zake. Kupungua kwa Liston hakuelezi kwa nini makonde yake ya mwanzo, akiwa bado na nguvu, yalikosa. Williams, Folley na Machen hawakuwa na miguu ya Clay wala uwezo wake wa kurudisha kichwa nyuma kwa inchi moja. Hata Liston wa 1960 hakuwahi kujaribiwa na mtu wa aina hiyo, na Machen, ambaye hakuwa na kasi ya Clay, alimsumbua kwa raundi 12 kwa kumkwepa tu. Katika raundi ya tano, akiwa na mpinzani asiyeona vizuri, bingwa aliyekuwa kwenye kilele chake pengine angemaliza kazi, lakini pengine pia Clay angemkwepa, kama alivyofanya.

Ushahidi wa miaka iliyofuata unazuia hitimisho la kupita kiasi. Mtu aliyekwisha hawezi kufanya alichokifanya Liston baadaye. Mwaka 1966 na 1967 alipigana mara nne nchini Sweden, ambako bingwa wa zamani Ingemar Johansson aliyaandaa mapambano hayo, na akashinda yote kwa KO. Mwaka 1968 alishinda saba mfululizo, yote kabla ya raundi kwisha. Wapinzani hao hawakuwa wa daraja la Folley na Machen, na hilo lazima lisemwe. Mwezi Desemba 1969 alikuwa akiongoza dhidi ya Leotis Martin, hata akamwangusha, kabla ya kupigwa KO katika raundi ya tisa. Martin mwenyewe aliumia jicho na hakupigana tena.

Linaloonekana, basi, ni kwamba Liston wa 1964 hakuwa yule wa 1959, lakini hakuwa mtu aliyekwisha pia. Miaka yake mizuri ilipita akiwa nje ya mlango wa ubingwa, akingoja kwa sababu zisizohusiana na ngumi zake: magenge yaliyommiliki, rekodi ya polisi, na bingwa aliyeshauriwa asimkubali. Alipopewa mkanda, alikuwa tayari anashuka, na aliutumia mkanda huo kwa raundi moja fupi tu kabla ya kukutana na bondia ambaye huenda angemsumbua hata katika siku zake bora. Kwa Lewiston mambo ni tofauti. Kuahirishwa kwa pambano la Boston kulimkuta akiwa tayari kimwili na kumwacha bila lengo kwa miezi sita, na aliyeonekana Maine alikuwa mzito na mchovu kuliko wa Miami.

Miaka ya mwisho na kifo

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Liston aliishi Las Vegas na mkewe Geraldine. Kijana aliyefanya naye mazoezi wakati huo alikuwa George Foreman, aliyemheshimu sana na ambaye konde lake la kushoto lilifanana na la mwalimu wake. Watu wa Kinshasa walioliona konde hilo mwaka 1974 walikuwa wakitazama, kwa kiasi fulani, mchezo wa Liston.

Pambano lake la mwisho lilifanyika Jersey City tarehe 29 Juni 1970. Alimshinda Chuck Wepner, ambaye uso wake ulishonwa nyuzi zaidi ya 70.

Tarehe 5 Januari 1971 Geraldine alirudi nyumbani kutoka safarini akamkuta mumewe amekufa chumbani. Kwa kuwa magazeti na chupa za maziwa zilikuwa zimerundikana mlangoni, polisi walikadiria kwamba alifariki siku kadhaa kabla, na tarehe 30 Desemba 1970 ikaandikwa. Ripoti rasmi ilitaja mapafu kujaa maji na moyo kushindwa kufanya kazi. Mabaki ya heroini yalipatikana mwilini, lakini waliomfahamu walisema aliogopa sindano sana, na uvumi kwamba aliuawa umedumu hadi leo bila kuthibitishwa.

Alizikwa katika makaburi ya Paradise Memorial Gardens mjini Las Vegas. Mwaka 1991 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Masumbwi la Kimataifa huko Canastota, New York. Juu ya kaburi, chini ya jina lake na ile miaka isiyo na uhakika, yamechongwa maneno yanayosema tu kwamba alikuwa mwanamume.